Tsabouna Inapogoma: Kutafuta Hitilafu za Zumari la Kiriba la Wagiriki Ughaibuni

Tsabouna ni zumari la kiriba linalopigwa katika visiwa vya Ugiriki, na mwongozo huu unahusu zile zilizovuka bahari na wenyewe, hasa zilizofika Tarpon Springs katika jimbo la Florida. Mji huo ulianza kupokea wazamiaji wa sifongo kutoka Kalymnos na visiwa jirani mwaka 1905, na ndiko alikohamia mpigaji mzaliwa wa Kalymnos, Nikitas Tsimouris, ambaye mwaka 1991 alitunukiwa tuzo ya kitaifa ya Marekani kwa wasanii wa jadi. Msomaji wa pwani yetu ataelewa upesi akiambiwa kwamba ni ngozi nzima ya mbuzi iliyofungiwa mianzi miwili, na aliyeishi Oman au nchi nyingine za Ghuba atakumbuka habban, ambalo huko huitwa pia jirba, neno lililo ndugu wa damu wa kiriba chetu.

Malalamiko ya wenye vyombo hivi hufanana kiasi kwamba baada ya kuyasikia mara kumi mtu anaweza kuyapanga kwa dalili. Yanafanana pia katika kosa moja: lawama hutupiwa kiriba kwa kuwa ndicho kinachoonekana, ilhali hitilafu mara nyingi imo katika kitete kisichozidi kidole cha mwisho kwa urefu, na chanzo chake ni hewa ya mahali chombo kilipohamia. Kalymnos ni kisiwa kikavu chenye mawe na upepo. Florida wakati wa kiangazi ni joto la kunata nje na kiyoyozi ndani, na tsabouna hupitishwa kutoka hali moja hadi nyingine mara kadhaa kwa siku, jambo ambalo aliyeitengeneza hakulifikiria.

Majina ya sehemu

Kiriba ni ngozi ya mbuzi mdogo iliyotibiwa kwa chumvi na shabu, ikageuzwa ili manyoya yaliyopunguzwa yabaki ndani, ambako hunasa unyevu wa pumzi. Katika tundu la mguu mmoja wa mbele hufungwa kipulizio, yaani kibomba cha mfupa, mti au mwanzi chenye vali ya ngozi kwa ndani. Katika mguu wa pili hufungwa kihori, gogo dogo lililochimbwa kama mtumbwi, na ndani yake hulazwa mianzi miwili sambamba iliyoshikwa kwa nta ya nyuki. Mwanzi mmoja hutobolewa matundu 5, na mwenzake 5, 3 au 1 kutegemea kisiwa. Kila mwanzi una kitete juu yake: kipande cha tete kilichozibwa ncha moja, kikakatwa ulimi ubavuni, na ulimi huo ndio unaotikisika na kutoa sauti. Vitete hukaa ndani ya kiriba, kwa hiyo mpigaji havigusi kwa midomo yake wala havioni mpaka afungue kamba.

Mwenye gaida, yaani zumari la kiriba la Thrakia au Makedonia, asitumie maelezo haya bila tahadhari, kwa sababu chombo hicho kina bomba refu la pembeni la mlio mmoja, ambalo lina matatizo yake.

Kabla ya kutafuta dalili yoyote, tenga sehemu. Fungua kamba ya kihori, kichomoe, kisha weka vitete vyote viwili mdomoni na upulize kwa nguvu ya wastani. Vikilia sawasawa huko nje, hitilafu iko kwenye kiriba au kipulizio. Visipolia, usipoteze jioni nzima ukipaka ngozi mafuta.

Dalili: hewa inaisha kabla ya wimbo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mpigaji hulieleza kwa kusema kwamba anachoka. Mtu mwenye afya hapaswi kuchoka kwa tsabouna iliyo sawa, kwani kiriba kipo hasa ili apate nafasi ya kuvuta pumzi, na hata kuimba ubeti huku mkono ukikamua.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni vali ya kipulizio. Jaza kiriba, toa mdomo, weka shavu karibu na tundu: ukihisi pumzi yako ikikurudia, umeshapata jibu. Kigozi cha vali kikikauka hujikunja ukingo na kuacha upenyo. Kiloweshe kwa tone la maji, kibonyeze kikae bapa, ungoje dakika 10 upime tena. Kikijikunja tena kesho yake, kata kingine kutoka ngozi laini ya glovu kuukuu, kikubwa kidogo kuliko tundu, ukifunge upande mmoja tu ili kifunguke kwa pumzi na kujifunga kwa shinikizo la kiriba. Matengenezo haya hayahitaji fundi.

Sababu ya pili ni vifungo. Kiriba kina sehemu nne zinazoweza kuvuja, nazo ni shingo, upande wa nyuma uliokunjwa na kufungwa, kipulizio na kihori. Toa kihori, badala yake funga kizibo cha mti chenye unene uleule, jaza hewa, kisha paka povu la sabuni kila kifungo. Povu likichemka, fungua kamba hiyo na uifunge upya kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, ukizungusha kila mzunguko ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Kamba ya nailoni huonekana imara, lakini huteleza juu ya ngozi yenye unyevu. Nimekuta zaidi ya tsabouna moja iliyofungwa vizuri kabisa kwa nailoni na bado ikivuja kama ungo.

Sababu ya tatu haimo katika kiriba kabisa. Vitete vyenye ndimi zilizopanuka mno hunywa hewa nyingi kuliko mkono unavyoweza kutoa, na kiriba kizima kikaonekana kinavuja. Utazitambua kwa mlio wake wa chini wenye kukwaruza na pumzi nyingi ndani ya sauti. Bonyeza kila ulimi taratibu kwa kidole cha gumba ukiuelekeza kwenye mwili wa kitete, hesabu hadi 20, achia, ujaribu. Rudia mara mbili tatu, na usitumie nguvu kwa haraka, kwa sababu ulimi uliokatika shinani hauungiki.

Baada ya hayo ndipo tuulize kama ngozi yenyewe inapitisha hewa. Ngozi iliyotibiwa kwa chumvi huvuta unyevu: nje hulegea na kunata, ndani ya nyumba yenye kiyoyozi hukakamaa, na kukunjana huko kwa mara nyingi hufungua vinyweleo. Kipimo ni kukijaza kiriba chenye vizibo kila upande na kukiacha juu ya kiti. Kikilegea ndani ya dakika moja bila povu lolote kwenye vifungo, ngozi imekauka. Pangusa upande wa nje kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yenye glaiserini kidogo, kikunje, ukiache usiku kucha ndani ya taulo. Wapo wanaopaka mafuta ya zeituni na kuapa kwamba babu zao walifanya vivyo hivyo. Huenda, lakini babu zao waliishi penye upepo mkavu, na mafuta ya kupikia katika unyevu wa Florida huchacha, yakaleta harufu ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa.

Tundu dogo la sindano au mwiba lina dawa ambayo wenye viriba vya maji waliijua tangu zamani. Tafuta kifungo cha mti au kokoto laini ya ukubwa wa punje ya mahindi, iweke kwa ndani usawa wa tundu, kisha ishike kwa nje pamoja na ngozi na uifunge shingoni kwa uzi wa nta. Itabaki nundu ndogo isiyopendeza, nayo haitavuja. Usipake gundi ya viatu. Mzee mmoja alinionyesha kiriba alichopeleka kwa fundi viatu, na fundi huyo, kwa nia njema, alipaka gundi eneo la kiganja kizima. Gundi ilikakamaa, na kila kiriba kilipokamuliwa ngozi ilichanika pembezoni mwa gundi, mahali palipokuwa pazima kabla ya matengenezo.

Hapa pa kusimama: mpasuko unaozidi sentimita 2, au ngozi inayochanika kama karatasi iliyolowa ukiivuta kwa vidole, haina tiba ya nyumbani. Kihori, vitete na kipulizio vitolewe, vihifadhiwe, na kiriba kipya kitafutwe kwa mtengenezaji.

Dalili: mwanzi mmoja umenyamaza, au yote miwili

Kiriba kimejaa, mkono unakamua, na kinachosikika ni sauti moja nyembamba mahali palipotakiwa sauti mbili. Mara nyingi ulimi umejifunga. Unyevu wa pumzi umekusanyika chini yake, ukashikamana na mwili wa kitete kama karatasi mbili zilizolowa. Kichomoe kihori, kipulize kitete kwa nyuma, yaani kutoka upande wa mwanzi, kisha pitisha ncha ya karatasi kavu chini ya ulimi. Kiache kitete kikauke kivulini kwa robo saa. Jua la Florida litakikausha kwa dakika mbili na kukipasua katika ya tatu.

Chanzo cha pili ni manyoya. Yamo ndani ya kiriba kwa sababu njema, lakini unywele mmoja wa mbuzi ukidondoka na kujipenyeza chini ya ulimi hunyamazisha mwanzi mzima. Nilipokuwa najifunza nilitumia jioni mbili nikikwangua na kufunga upya kitete kisichokuwa na kosa, hadi nilipokiinua mbele ya taa na kuona uzi mweupe, mfupi kama kope, umelala shinani mwa ulimi. Tangu hapo taa huja kabla ya kisu.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba tiba ya chanzo cha tatu ni unywele huohuo. Ulimi uliochoka, ambao hujifunga wenyewe kila shinikizo linapopanda, hufunguliwa kwa kupitisha unywele mmoja wa kichwa cha mtu chini yake, ukausukuma hadi karibu na shina na kukata mabaki. Unywele huo huuinua ulimi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kitete hufufuka. Ukihitaji nywele mbili, kitete hicho kimezeeka, na wakati wa kukata kingine umefika.

Mara chache zaidi utakuta ulimi umepata ufa, ambao husikika kama mlio wa nyuki ndani ya kopo, au kitete kimechomoka kikadondoka ndani ya kiriba. Kiriba kikitikiswa na kitu kikagongagonga, usipulize tena. Fungua, kitoe, kifunge upya kwa uzi wa nta ili kikae kwa kubana.

Wahamiaji wengi hawajui kukata vitete, kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu wa kazi hiyo. Tete linalotumika hukua kwa wingi kuzunguka Mediterania, nalo limesambaa Marekani pia hadi kuwa gugu kando ya mito ya California na Texas, kwa hiyo malighafi si shida. Livunwe majira ya baridi utomvu unapokuwa chini, likaushwe kivulini kwa miezi mingi, na zichaguliwe sehemu nyembamba za juu. Kata vitete 10 ukitarajia 2 vizuri. Hakuna aibu katika hesabu hiyo, na mafundi hutupa kwa kiwango kama hicho.

Dalili: sauti mbili zinapigana

Mianzi ikitoa noti ileile lakini si sawasawa, sikio husikia mawimbi. Tofauti ya hertz 2 hutoa mapigo 2 kila sekunde, na kadiri tofauti inavyokua ndivyo mawimbi yanavyokuwa ya haraka, hadi yanakuwa mtetemo wa kukera. Wimbi la polepole ni sehemu ya ladha ya tsabouna, na anayetaka kuliondoa kabisa anatafuta chombo kingine.

Swali la kwanza ni hili: je, zinapigana katika noti zote au katika moja tu? Zikipigana katika moja tu, kitete hakina hatia. Kila kidole hufunika matundu mawili kwa pamoja, na kidole kilichoinama kidogo huacha tundu la pembeni na upenyo. Laza vidole bapa, utumie sehemu ya nyama ya pingili badala ya ncha. Ikiwa vidole viko sawa, angalia tundu lenyewe kama lina uchafu au nta iliyohama. Kupunguza upenyo wa tundu kwa chembe ya nta kwenye ukingo wake wa juu huteremsha noti hiyo. Kuondoa nta huipandisha.

Zikipigana katika zote, shika uzi unaofunga shina la ulimi. Ukiusogeza kuelekea ncha iliyo huru, sehemu inayotikisika inafupika na sauti inapanda. Ukiurudisha nyuma, inashuka. Sogeza kwa nusu milimita, rudisha kihori, jaza, sikiliza, toa tena. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Uzi ukifika mwisho wa safari yake bila mafanikio, chembe ya nta kwenye ncha ya ulimi huuongezea uzito na kuteremsha sauti. Kukwangua huja mwisho kabisa, kwa sababu kilichokwanguliwa hakirudi: kupunguza unene wa ncha hupandisha sauti, na kupunguza unene wa shina huiteremsha. Anayechanganya mambo haya mawili atakwangua kitete hadi kiwe takataka, huku akishangaa kwa nini kila anachofanya kinazidisha kosa.

Kuna pia kina cha kitete ndani ya mwanzi. Ukikizamisha, noti zote hupanda, na zile za juu hupanda zaidi kuliko za chini. Kwa hiyo ikiwa noti ya chini imekaa sawa lakini za juu ziko chini ya mwenzake, zamisha kitete kidogo kabla ya kugusa matundu.

Dalili: ilikuwa sawa nyumbani, imeharibika ukumbini

Hewa yenye joto hupandisha sauti, na unyevu unaokusanyika kwenye ulimi huuongezea uzito na kuiteremsha. Nguvu hizi mbili huvutana, na mshindi hutegemea chumba. Mtu anatoka kwenye gari lenye ubaridi, anapita uwanja wa kanisa penye joto la nyuzi 33, anaingia ukumbi wenye kiyoyozi, kisha anataka noti zikae palepale.

Fika mapema. Kitoe chombo kwenye mkoba, kiache kizoee hewa ya chumba kwa nusu saa, kisha kipulize dakika 10 bila kujali kinavyolia. Kilinganishe baada ya hapo. Anayekilinganisha kikiwa baridi atakilinganisha tena mbele za watu. Kama sherehe iko nje na ndani kwa zamu, njia ya busara zaidi ni kuwa na seti mbili za vitete, moja iliyozoea ukavu na nyingine unyevu, zikiwa zimewekwa katika vikebe vyenye matundu ya hewa.

Usikiache chombo kwenye buti la gari. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, na buti lililofungwa juani mwezi wa nane linatosha. Nilikiacha changu humo kwa muda wa chakula cha mchana tu, nikakikuta mwanzi wa kushoto umeteleza kwa upana wa ukucha ndani ya kihori, na nta imejaa matundu mawili ya chini kama asali kwenye sega. Ikikutokea, usivute mwanzi ungali na joto. Weka kihori mahali pa baridi hadi nta igande, zibua matundu kwa kijiti cha mti bila kutumia chuma, kisha lainisha nta ya kingo kwa pumzi ya joto na urudishe mwanzi usawa wa mwenzake. Matundu ya mianzi yote miwili lazima yawe mstari mmoja; pima kwa kuweka rula juu yake.

Dalili: haipatani na bendi

Hapa lalamiko hutoka kwa wenzake mpigaji. Mpiga bouzouki, ala ya nyuzi ya Kigiriki, anasema tsabouna imeharibika. Haijaharibika. Ina noti 6 au zaidi kidogo, na nafasi kati ya noti hizo ziliwekwa na fundi kwa vidole na sikio, si kwa mashine yenye noti ya "la" ya hertz 440.

Jaribu kwanza kubadilisha anayemfuata mwenzake. Fidla haina mipaka kwenye shingo yake, yaani vikomo vinavyopanga noti chini ya vidole, kwa hiyo mpigaji wake anaweza kuifuata tsabouna mara moja. Laouto, ala nyingine ya nyuzi ya Kigiriki, ina mipaka ya nyuzi zilizofungwa shingoni, na mpigaji anayejua kazi huisogeza ili ipatane na mianzi. Bouzouki ina mipaka ya kudumu, na noti za kinanda hazisogezwi, na hapo ndipo penye ugomvi wa kweli. Tafuta noti kuu ya tsabouna, linganisha nyuzi za bouzouki nayo badala ya kinyume chake, na mwambie mpigaji aache noti ya tatu katika makundi ya noti anazozipiga kwa pamoja, kwa sababu ndiyo inayogongana. Kinanda kikipunguzwa au kuachwa kwa nyimbo hizo tatu nne, hakuna atakayelalamika.

Ikiwa tofauti inazidi nusu toni, seti nyingine ya vitete inaweza kuhamisha chombo chote, lakini mtu asitoboe upya mianzi ya zamani ili imridhishe mpiga kinanda. Mianzi iliyotobolewa Kalymnos miaka mingi iliyopita ndiyo kumbukumbu pekee ya nafasi za noti za fundi aliyeitoboa, na tundu lililopanuliwa halirudi lilivyokuwa. Kazi ya kubadilisha toni ni ya mtengenezaji, naye atakutengenezea kihori kingine, hicho cha zamani akuachie.

Tatizo la maikrofoni ni dogo. Iweke hatua moja mbele ya kihori, usiisogeze kwenye kiriba, na umzuie mwenye mitambo asiongeze sauti nyembamba. Tsabouna ilitengenezwa isikike kijiji kizima bila umeme.

Dalili: harufu, madoa, kikohozi

Sehemu hii isomwe hata na ambaye chombo chake kinalia vizuri.

Kiriba chenye harufu ya mbuzi ni kiriba cha kawaida. Kiriba chenye harufu ya ardhi iliyolowa au ya jibini kimeshikwa na kuvu. Angalia kipulizio kwa tochi: madoa meusi, ya kijani au ya waridi yanatosha kuthibitisha. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliripoti kisa cha mpiga zumari la kiriba aliyekufa kwa uvimbe wa mapafu uliohusishwa na kuvu na hamira zilizokutwa ndani ya chombo chake. Alikuwa amepata nafuu kubwa alipokaa miezi mitatu Australia bila zumari lake, na huo ndio ulikuwa ushahidi uliowashtua. Kilichompata kinaweza kumpata yeyote anayepuliza ndani ya mfuko wenye unyevu kila siku, na Florida haina uhaba wa unyevu.

Baada ya kila upigaji toa kihori na kipulizio, kausha kipulizio kwa kitambaa, kining'inize kiriba kikiwa wazi mahali penye feni. Kisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kipulizio kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila wiki na kikaushwe kabisa. Usimimine bleachi wala dawa ya kuua wadudu ndani ya ngozi, kwani utavuta mvuke wake.

Ukipata kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi, au homa inayokuja saa chache baada ya kupiga na kupungua siku za mapumziko, acha kupiga siku hiyo hiyo. Nenda kwa daktari, umwambie bila kusubiri kuulizwa kwamba unapiga chombo cha ngozi kinachopulizwa, kwa maana haitamjia akilini mwenyewe. Kiriba kilichoshikwa na kuvu hadi ndani hakisafishiki. Kitupwe, hata kama ni cha marehemu baba. Kihori na mianzi vinaweza kubaki.

Onyo la pili ni kwa wanaotaka kutengeneza kiriba wenyewe kwa ngozi mbichi iliyoletwa kutoka mbali. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma wa New York aliugua kimeta cha kuvuta hewani baada ya kufanya kazi na ngozi mbichi za wanyama zilizotoka Afrika Magharibi, na kimeta ni ugonjwa ambao wafugaji wetu hawahitaji kufafanuliwa. Hatari iko katika kukwangua manyoya yakiwa makavu, ambapo vumbi hupaa. Nunua ngozi kutoka kwenye machinjio yaliyokaguliwa, au iliyokwisha kutibiwa. Ngozi isiyotibiwa inaweza pia kuzuiwa forodhani, na hapo utapoteza fedha pamoja na ngozi.

Dalili: chombo ni kizima, lakini mwanafunzi hasongi mbele

Kijana aliyezaliwa Marekani huletwa na babu yake, anakabidhiwa tsabouna kubwa ya mtu mzima, na baada ya majuma matatu anaacha. Familia husema hana kipaji. Mimi ningekagua mambo manne kabla ya kukubali neno hilo.

La kwanza ni ukubwa wa kiriba. Mkono mfupi hauwezi kukizunguka, hivyo kiwiko hubonyeza pembeni na shinikizo hupanda na kushuka, nayo sauti hufuata. Kifunge upande wa nyuma ukikikunja zaidi ili kipungue robo, na utakunjua baadaye. La pili ni vitete vigumu ambavyo babu amevizoea. Mwekee vyepesi, hata kama sauti itakuwa nyembamba. La tatu ni mpangilio wa masomo. Watoto wa wachungaji visiwani huanza na mwanzi mmoja wenye kitete unaopulizwa mdomoni moja kwa moja, wakajua vidole kwanza, na kiriba huja baadaye. Anayeanza na kiriba anajifunza kazi tatu kwa wakati mmoja: kupuliza, kukamua na kufunika matundu.

La nne ni la nyumba. Chombo hiki hakina sauti ya chini, na nyumba za vyumba vya kupanga zina majirani. Mtoto anayeruhusiwa kupiga dakika 15 Jumamosi tu, uani kwa bibi, hataendelea hata akipewa kiriba cha dhahabu. Mwambie apige vidole bila hewa siku nyingine, akiwa ameshika kihori peke yake mbele ya televisheni, huku babu akiimba mistari taratibu pembeni yake. Akishajua nyimbo mbili kwa vidole, mpeleke gatini jioni ambapo boti za sifongo zimefungwa na watalii wameondoka, umjazie kiriba wewe mwenyewe kwa mara ya kwanza, umwachie mkono tu.